MLALO WA 17: NAMNA YA KUTUMIA JEDWALI LINALOANDIKWA NA WENGI

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ukizisikia kwa mara ya kwanza utadhani zinagombana. Walisema kidole kimoja hakivunji chawa, kisha wakageuka wakasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Mwanachama anayetaka kujua ni ipi kati ya hizo iliyo kweli hana haja ya kwenda mbali. Aingie maabara ya tarakilishi siku ya mkutano wa chama, saa kumi jioni, awatazame watu wanne wakiandika katika jedwali moja kwa wakati mmoja. Zote mbili ataziona zikitimia kabla ya kengele ya michezo kulia.

Makala haya yanahusu jedwali hilo, na hasa milalo yake. Najua wapo watakaocheka wakisema, "Ala! Hata mlalo wa jedwali nao unahitaji kuandikiwa makala?" Mimi nami nilikuwa mmoja wao mpaka muhula wa pili, wakati kidole changu kimoja kilipomwacha mwenzetu langoni akiwa na mkoba wake begani.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Programu nitakayoizungumzia ni Google Docs, kwa kuwa ndiyo tuliyo nayo maabarani, na ndiyo ambayo wengi wetu huifungua wakati wa likizo kwenye simu za akina mama na akina baba. Hati ya programu hii haikai ndani ya tarakilishi moja. Inakaa kwenye mitambo ya kampuni yenyewe, na kila aliyepewa ruhusa huifikia kupitia intaneti, akaandika humo, wenzake wakaziona herufi zake zikichomoza moja baada ya nyingine. Kila mwandishi huwa na kijistari chake chenye rangi yake na jina lake, basi ukiangalia hati utaona vijistari vinakimbizana kama siafu.

Jedwali nalo ni lile lile unalolijua tangu shule ya msingi. Sehemu zinazokwenda kutoka kushoto hadi kulia huitwa safu mlalo, na zile zinazoshuka kutoka juu hadi chini huitwa safu wima. Chamani tumezoea kufupisha: mlalo na wima, basi. Pale mlalo na wima zinapokutana pana kisanduku cha kuandikia. Mwalimu mlezi wetu hupendelea neno seli, lakini mimi nikisikia seli nakumbuka kituo cha polisi, kwa hiyo atanisamehe nikisema kisanduku.

Haya, sasa kisa chenyewe. Chama kilikuwa kimealikwa katika kongamano la Kiswahili kwenye shule moja ya kaunti jirani. Basi tulilopewa lilikuwa na nafasi za wanafunzi 42, na mwalimu mlezi akatuagiza tuandae orodha ya watakaosafiri. Katibu akaunda jedwali lenye wima tano: nambari, jina, kidato, nauli iliyolipwa, na kama mzazi ametia sahihi fomu ya ruhusa. Hiyo wima ya nambari hakuiandika kwa mkono. Alitumia ile amri inayojihesabia yenyewe, ili kukiongezwa mtu katikati, nambari zote za chini zisogee. Tulimsifu sana kwa ujuzi huo.

Siku ya Jumatano jioni tulikuwa wanne ndani ya hati hiyo: katibu, mweka hazina, mwakilishi wa kidato cha pili, na mimi naibu katibu. Katibu alikuwa ameketi upande ule wa dirishani, mimi huku mlangoni. Akapaza sauti: "Naibu! Hebu futa mlalo wa 17, huyo amesema haendi tena." Nikajibu, "Sawa." Sikujua kuwa katika nukta hizo hizo mwakilishi wa kidato cha pili alikuwa akiongeza mlalo mpya kule juu, baada ya jina la tano, kwa ajili ya mvulana mmoja aliyesahaulika. Jedwali likasogea. Aliyekuwa wa 17 akawa wa 18. Aliyekuwa wa 16, msichana wa kidato cha pili aliyekwisha kulipa nauli yake yote, akawa wa 17. Nami nikabonyeza, nikafuta mlalo wa 17 kama nilivyoambiwa.

Tazama ubaya wa jambo hili, msomaji. Mwanzo tulikuwa na majina 42. Likaongezwa moja, likafutwa moja, yakabaki 42. Mweka hazina alipohesabu akapata watu 42 na viti 42, akafurahi, akachapisha karatasi mbili: moja ya mwalimu, nyingine ya mlinzi wa lango. Hesabu ilikubali kabisa. Laiti ingekataa!

Jumamosi alfajiri mwalimu alisimama mlangoni pa basi akaita majina. Yule aliyejiondoa aliitwa mara tatu na hakuitika, maana alikuwa amelala zake bwenini. Yule msichana hakuitwa. Alipojitokeza kusema kwamba amelipa, mweka hazina aliangalia karatasi yake na hakuona jina wala nauli, kwa sababu kumbukumbu ya malipo ilikuwa katika mlalo ule ule niliokuwa nimeufuta. Maabara ilikuwa imefungwa, na hakuna aliyekuwa na simu. Sheria ya safari za shule inajulikana: asiye kwenye orodha hapiti langoni. Basi likaondoka na kiti kimoja kitupu, na katika kioo cha nyuma tulimwona amesimama pale pale. Alikuwa mmoja wa wasichana wawili walioandaa ngonjera yetu. Ngonjera ya watu wawili ikatolewa na mtu mmoja, akijiuliza na kujijibu.

Jumatatu tulikusanyika maabarani, na kama ilivyo desturi ya binadamu, wa kwanza kulaumiwa alikuwa yule asiyeweza kujitetea. "Tarakilishi imekula jina," mmoja wetu akasema. Mwalimu wa somo la tarakilishi hakubishana naye. Alifungua sehemu ya hati inayoweka historia ya matoleo yake, akarudi nyuma hadi Jumatano. Hapo jina la msichana lilikuwepo. Akasogea mbele toleo moja. Halikuwepo. Pembeni, kwa rangi ya zambarau, palikuwa na jina la aliyefanya badiliko hilo, nalo lilikuwa jina langu. Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini mwalimu yule alitufunza jambo siku hiyo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Alituambia kwamba mashine haikukosea hata chembe, na kwamba tatizo lililotupata sisi lilikuwa limekwisha kusumbua wataalamu wa tarakilishi muda mrefu kabla sisi hatujazaliwa, na wao walilipatia dawa. Dawa hiyo imo ndani ya programu. Sisi ndio tuliokuwa nje yake.

Wazo la watu kuandika pamoja ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 9 Desemba 1968, katika mji wa San Francisco huko Marekani, mhandisi Douglas Engelbart aliwaonyesha wasikilizaji wake waraka uliokuwa ukitumiwa na yeye pamoja na mwenzake aliyekuwa mji mwingine, kila mmoja akiuona kwenye kioo chake. Ni siku hiyo hiyo alipouonyesha umma kipanya. Ila kufanya jambo mara moja mbele ya watu ni tofauti na kulifanya kila siku bila watu kuharibiana kazi. Mwaka 1989 watafiti wawili, Clarence Ellis na Simon Gibbs, walichapisha maelezo ya namna ya kuzipatanisha amri za waandishi wengi zinazogongana. (Ellis huyu alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamifu katika sayansi ya tarakilishi, mwaka 1969. Wanaosema somo hili lina wenyewe wamjue.) Programu iliyozaa Google Docs ilianza mwaka 2005 kwa jina la Writely, Google ikainunua mwaka 2006, na mwaka 2010 ikaandikwa upya ili herufi za kila mtu zionekane kwa wenzake papo hapo.

Njia ya Ellis na Gibbs si ngumu kuielewa. Tuseme katika hati yetu mna neno moja tu, nalo limeandikwa vibaya: "vitabuu". Mimi naona u ya mwisho imezidi, nayo ni herufi ya 7, basi natoa amri: futa herufi ya 7. Wakati huo huo wewe, ukiwa kwenye tarakilishi yako, unaandika "vile" pamoja na nafasi moja mwanzoni mwa neno. Amri zetu zinapishana njiani. Kama mtambo ungekuwa mjinga, ungepokea maneno yako kwanza, hati ikawa "vile vitabuu", kisha ungetekeleza amri yangu kama nilivyoitoa. Lakini herufi ya 7 sasa si ile u tena. Hesabu mwenyewe: ni i. Tungebaki na "vile vtabuu", neno lisilo la Kiswahili wala la lugha nyingine niijuayo. Mtambo wa kweli haufanyi hivyo. Unatambua kwamba wewe umeongeza alama 5 mbele ya mahali nilipokuwa nikikusudia, kwa hiyo unaigeuza amri yangu kutoka 7 hadi 12, unafuta herufi ya 12, na sote tunabaki na "vile vitabu".

Ndivyo ilivyo kwa milalo pia. Kama katibu mwenyewe angeweka kijistari chake ndani ya mlalo wa yule aliyejiondoa na kutoa amri ya kuufuta, mlalo huo ndio ungefutwa, hata kama watu kumi wangeongeza milalo kumi juu yake katika nukta hiyo hiyo. Programu ingemsogezea amri yake. Lakini katibu hakutoa amri kwa programu. Alitoa amri kwa mdomo, ikapita hewani kutoka dirishani hadi mlangoni, na hewani hakuna Ellis wala Gibbs wa kuigeuza 17 kuwa 18. Programu hulinda mahali panapoelekezwa na kijistari. Mahali panapotajwa na binadamu, kwa sauti, kwa kikaratasi, au kwa ujumbe wa simu, hapalindwi na yeyote.

Kutokana na hayo, kanuni yetu ya kwanza chamani sasa ni hii: mlalo hautajwi kwa nafasi yake. Hatusemi "wa 17", hatusemi "wa tatu kutoka chini", hatusemi "ule ulio chini ya mlalo wangu". Kila mlalo una wima ya kwanza yenye kitambulisho kisichobadilika, na kwa orodha za wanafunzi kitambulisho hicho ni nambari ya usajili ya shule, ile uliyopewa siku uliyoingia kidato cha kwanza ukiwa na sanduku kichwani. Jina pekee halitoshi. Kidato cha pili peke yake kina wanafunzi watatu wanaoshiriki majina mawili ya kwanza. Nambari ya usajili huandikwa kwa mkono, si kwa ile amri ya kujihesabia, ili mlalo ukihama, nambari ihame nao.

Watahiniwa wa kidato cha nne wataielewa kanuni hii upesi. Katika mtihani wa KCSE, mtahiniwa wa 017 hubaki 017 hata kama wa 016 hakufika chumbani. Hakuna msimamizi anayesema, "Kwa kuwa 016 hayupo, wewe sogea uwe 016." Angefanya hivyo, matokeo ya mtu yangemfikia mwingine, na hapo tungesikia vilio ambavyo ngonjera yetu haifui dafu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya mikono. Kuongeza mlalo ni rahisi: bonyeza ndani ya mlalo wowote kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na orodha ya amri itakuuliza kama unataka mlalo mpya juu au chini ya hapo ulipo. Ukiwa katika kisanduku cha mwisho kabisa cha jedwali, kile cha pembe ya chini kulia, kitufe cha Tab pekee kitakuzalia mlalo mpya. Nawaomba wanachama wapya wazoee njia hii ya Tab. Siyo kwa sababu ni ya haraka, bali kwa sababu inaongeza chini, ambako hakuna mwenzako anayesumbuliwa. Mlalo unaoingizwa katikati husukuma kila kilicho chini yake, na mwenzako aliyekuwa akisoma mahali fulani huona maneno yakimtoroka machoni. Majina yapangwe baadaye, kazi ikiisha.

Kufuta ndiko kwenye mashaka, na hapa wengi huchanganya mambo mawili. Ukichagua visanduku vya mlalo kisha ukabonyeza kitufe cha kufuta kwenye kibodi, maneno huondoka lakini mlalo wenyewe hubaki, mtupu, kama kibanda kilichohamwa. Ukitaka mlalo wote uondoke, lazima utumie amri ya kufuta mlalo katika ile orodha ya kitufe cha kulia. Mtu asiyejua tofauti hii huacha milalo mitupu kila mahali, halafu mwingine huja akidhani nafasi hizo zimeachwa makusudi, akajaza humo mambo yake. Tumeyaona.

Ila ushauri wangu ni kwamba katika jedwali la watu wengi usifute mlalo kabisa, labda kama ni wako na umeuongeza mwenyewe dakika hiyo. Mlalo si karatasi tupu. Umebeba nauli ya mtu, ruhusa ya mzazi wake, na kazi ya mkono wa mweka hazina, na vyote hivyo huondoka pamoja kwa mbonyezo mmoja. Isitoshe, huenda mwenzako anaandika ndani yake wakati huo huo, nawe umemvutia mkeka akiwa amekaa. Badala ya kufuta, tumeongeza wima ya sita inayoitwa "hali". Aliyejiondoa haondolewi jedwalini, anaandikiwa "amejiondoa" katika wima hiyo. Jina lake linabaki, malipo yake yanabaki, na mwenye kutaka kujua kama arudishiwe pesa anajua pa kuangalia. Siku ya kuchapisha ndipo anapoachwa, na anayemwacha ni katibu peke yake, mweka hazina akiwa ameketi ubavuni.

Hiyo wima ya hali ilituletea ubishi mwingine ambao chama cha Kiswahili kingeukosaje? Mmoja aliandika "ndiyo", mwingine "ndio", wa tatu "NDIYO", wa nne akaweka alama ya vema tu. Mwenyekiti akataka kuitisha mjadala kuhusu ipi iliyo sahihi, na ungedumu mpaka leo kama mwalimu mlezi hangeukata. Kuna namna ya kuweka ndani ya kisanduku orodha fupi ya maneno ya kuchagua, badala ya kila mtu kuandika lake. Uwezo huo uliongezwa katika Google Docs mwaka 2022. Sasa katika wima ya hali kuna maneno matatu: "tayari", "bado" na "amejiondoa". Unabonyeza, unachagua, basi. Ubishi wa "ndiyo" na "ndio" tumeuhamishia kwenye mjadala wa Ijumaa, ambako una faida.

Kuhamisha mlalo kutoka chini kwenda juu hapo zamani kulikuwa kazi ya kunakili na kubandika, na ndipo nusu ya majina yalipopotelea. Siku hizi unaweza kuupeleka kipanya kwenye ukingo wa kushoto wa mlalo, ukakiona kishikio kidogo, ukakivuta, na mlalo mzima ukafuata pamoja na kila kilichomo. Vile vile unaweza kuliagiza jedwali lijipange kwa kufuata wima moja, kwa mfano kwa alfabeti ya majina. Katika Google Docs milalo huhama mizima mizima, kwa hiyo nauli ya mtu haiachani naye. Lakini mahali pa kila mtu panabadilika kwa kila anayetazama, na ndiyo maana nikasema tena na tena: usimtaje mtu kwa mahali pake.

Waliozoea lahajedwali, yaani Google Sheets, wajihadhari zaidi. Huko ukichagua wima moja peke yake ukaipanga, wima hiyo hujipanga na nyingine hubaki zilivyo. Majina yatakuwa kwa alfabeti, na alama za mtihani zitakuwa za watu wengine. Mwanafunzi wa mwisho anaweza kuamka wa kwanza, na hilo si jambo la kuombea, maana furaha yake haitafika hata saa ya chakula cha mchana. Chagua jedwali zima kwanza. Na ukitaka kuliona limepangwa kwa njia yako bila kuwasumbua wenzako, lahajedwali ina namna ya kuchuja na kupanga ambayo inakuonyesha wewe mpangilio wako, huku wao wakiendelea kuona wao.

Mambo yakiharibika je? Hapa napo pana mtego. Wengi wetu hukimbilia Ctrl na Z, amri ya kutendua. Inafaa sana, lakini hutendua yale uliyoyafanya wewe tu. Katibu angeweza kuzibonyeza mpaka vidole vimwote sugu, mlalo nilioufuta mimi usingerudi. Na mimi mwenyewe ningeweza kuurudisha papo hapo, ila nilikuwa nimeshaifunga hati, na hati ikifungwa kumbukumbu ya kutendua hupotea nayo.

Kinachobaki ni historia ya matoleo, ile aliyotufungulia mwalimu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama ya hati ni hapo. Imo katika orodha ya faili, na huweza kufunguliwa na mtu mwenye ruhusa ya kuhariri, siyo ya kusoma tu. Utaona matoleo ya zamani yakiwa na tarehe, saa na majina ya waliobadilisha. Sasa sikiliza vizuri: mbele yako patakuwa na kitufe cha kurejesha toleo hilo, nacho kitakushawishi. Usikibonyeze kwa pupa. Ukikibonyeza, hati nzima inarudi kama ilivyokuwa saa hiyo, na kazi yote iliyofanywa na wenzako tangu hapo inaondoka mbele ya macho yao. Haitakuwa imepotea kabisa, kwa kuwa nayo imo katika historia, lakini utakuwa umetibu jino kwa kung'oa taya. Kama umepoteza mlalo mmoja, fungua toleo la zamani, nakili maneno ya mlalo huo, rudi kwenye toleo la leo, ongeza mlalo mpya kwa Tab, ukayabandike kisanduku kwa kisanduku. Kazi ya dakika tatu. Sisi tuliifanya Jumatatu, siku mbili baada ya basi kuondoka.

Kuhusu uchapishaji sina mengi. Jedwali refu likivuka ukurasa, mlalo wa vichwa hubaki ukurasa wa kwanza, na anayesoma ukurasa wa pili hajui kama "1" ni kidato au ni kitu gani. Upo uwezo wa kuubana mlalo wa vichwa ili ujirudie juu ya kila ukurasa. Tena katika sifa za jedwali kuna mahali pa kukataza mlalo kukatika katikati, jina likabaki ukurasa huu na nauli ukurasa ule. Tumia vyote viwili.

La mwisho ni kuhusu wakati. Tumekubaliana kwamba saa sita kabla ya orodha kuchapishwa, katibu huondoa ruhusa ya kuhariri kwa kila mtu isipokuwa yeye na mweka hazina. Wengine hubaki na ruhusa ya kusoma na kuandika maoni pembeni. Kisha orodha hubandikwa ubaoni nje ya bwalo, kila mtu ajitafute mwenyewe kwa nambari yake ya usajili. Asiyejiona huja kulalamika jioni hiyo, maabara ikiwa wazi, siyo alfajiri langoni.

Msichana yule alirudishiwa nauli yake Jumatatu ile ile. Nilimwomba radhi mbele ya chama, akasema yamekwisha, ingawa wiki nzima alipita njia ya jikoni kila aliponiona nimesimama penye bango la matangazo. Muhula wa tatu alikubali kuwa mhariri wa mashairi wa jarida hili, na alinitaka nionyeshe saa katika kisa hiki, nami nikakubali: ilikuwa saa 10:42 jioni. Orodha ya kongamano la mwaka ujao imeshafunguliwa. Nambari yake ya usajili imo, katika wima ya hali imeandikwa "tayari", na nimeutazama mlalo huo leo asubuhi kabla ya kupeleka makala haya kwa mhariri.